Pemba wana waya wa Tanga. Sisi wa Lunga Lunga je?

Tuongee stima. Najua mada hii haina utamu kama wa nani kaachana na nani, lakini nipe dakika kumi tu. Maanake simu unayosomea haya ilichajiwa mahali, na wengi wetu hatujawahi kuuliza ile chaji ilitoka wapi, ilipita wapi, na ni nani anaweza kuikata.

Chukua ramani ya kusini mwa pwani yetu. Anzia Diani, shuka Gazi, Msambweni, Shimoni, Vanga. Ukifika Lunga Lunga uko mpakani, na upande wa pili ni Horohoro. Kutoka Horohoro hadi Tanga mjini ni kilomita 65 za lami. Sasa geuka utazame baharini. Ng'ambo ya mkondo, kile kisiwa kwenye ramani ni Pemba. Tangu 2010, Pemba wanapata umeme kutoka Tanga kupitia waya uliolazwa chini ya bahari, zaidi ya kilomita 70. Zamani walikuwa wanategemea majenereta ya dizeli. Watu walichukua waya wakaupitisha chini ya maji ya chumvi mpaka ukafika.

Sisi tuna barabara. Tuna lugha moja. Tuna ndugu pande zote mbili, maanake Wadigo wako Kwale na wako Tanga, na mpaka wenyewe Waingereza na Wajerumani waliukubaliana 1886 bila kumuuliza mtu wa Vanga hata mmoja. Harusi zavuka, vitenge vyavuka, machungwa yavuka, bodaboda zavuka. Laini kubwa ya stima haivuki.

Msimamo wangu nautoa mapema usije ukasema nimekuzungusha. Naamini pwani hii inafaa iunganishwe na majirani. Lakini kuunganishwa vibaya ni hatari, pengine kuliko kukaa peke yako. Na kati ya waya wa umeme na bomba la gesi, ambavyo viongozi wamekuwa wakivitaja kwa pumzi moja kwa miaka kadhaa sasa, mimi nachagua waya kwanza. Nitakueleza kwa nini.

Stima yetu inatoka wapi?

Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya unatoka mbali na hapa. Kuna mvuke wa ardhini kule Olkaria, Naivasha. Kuna mabwawa ya mto Tana. Kuna upepo wa Loiyangalani, Ziwa Turkana. Halafu kuna jua, na kuna umeme tunaonunua nje. Kuuleta pwani, kuna laini kubwa ya kutoka Nairobi hadi Mombasa, karibu kilomita 480, iliyokamilika 2017. Hapa hapa pwani tuna mitambo ya Kipevu na Rabai, inayochoma mafuta mazito. Kutoka Rabai, laini inazunguka kuja kusini hadi kituo cha Galu, Diani. Galu ndipo tunapogawiwa sisi.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Kuanzia hoteli za ufuoni hadi friji ya soda pale kwenye kibanda cha Ramisi, tunategemea njia hiyo. Sisi ni mwisho wa mstari, na mwisho wa mstari ndiko maji ya bomba hufika yakiwa matone. Stima ni hivyo hivyo.

Shangazi yangu ni mama karanga, Msambweni. Kama si wa huku, mama karanga ni wale kina mama wanaonunua samaki ufuoni, wanakaanga na kuuza. Siku wavuvi wakija na mzigo mkubwa, bei inashuka, na hapo ndipo mtu mwenye friji hupata faida: ananunua leo, anauza keshokutwa. Nilimtembelea juzi nikaanza kumweleza habari hizi za nyaya za kuvuka mipaka.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Leo umekuja kunirekodi tena?"

Nikamwambia hapana, nimekuja kumuuliza. Ikiwa stima ingetoka Tanzania, angeona sawa? Akacheka.

"Mwanangu, mimi stima itoke Tanga, itoke Uhabeshi, itoke kwa Mfalme wa Uingereza, shida yangu ni samaki. Ikikatika saa tatu, sawa. Ikikatika siku mbili, hao samaki nitakula na nani?"

Hiyo ndiyo maana ya usalama wa nishati. Wataalamu wana maneno marefu ya kuelezea, lakini shangazi kamaliza kwa sentensi mbili. Swali si stima inatoka wapi. Swali ni itakuwepo lini, kwa bei gani, na ikikatika, itachukua muda gani kurudi.

Tayari tumeunganishwa, hujui tu

Kuna watu wakisikia "umeme wa nje" wanashtuka kama tunauza nchi. Tulia. Kenya imekuwa ikinunua umeme wa Uganda tangu miaka ya 1950, baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa Jinja mwaka 1954. Babu zetu waliwashiwa taa na maji ya mto Nile na hawakuugua.

Kisha ikaja Ethiopia. Novemba 2022 Kenya ilianza kupokea megawati 200 kupitia laini ya kilomita 1,045, kutoka Wolaita Sodo mpaka Suswa. Mkataba ni wa miaka 25, na bei ni senti 6.5 za dola kwa uniti. Kwa kulinganisha, umeme wa kuchoma mafuta ni ghali zaidi, na gharama yake huwa unailipa wewe. Ukinunua tokeni, usiangalie zile namba 20 peke yake. Soma ujumbe mzima. Kuna sehemu ya gharama ya mafuta, kuna ya kupanda na kushuka kwa dola. Hiyo ndiyo bili ya mitambo ya mafuta inayokufuata mpaka chumbani.

Mwishoni mwa 2024 ikaja Tanzania. Laini ya kilovolti 400 kutoka Isinya, kupitia Namanga na Arusha mpaka Singida, ikawashwa, na nchi mbili zikaanza kupeana umeme. Leo karibu moja ya kumi ya umeme unaotumika Kenya unatoka nje.

Na si sisi tu wenye shida. Machi 2025 Rais Samia alisema Tanzania itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Watanzania wengi wakauliza, kwani bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, ni la nini? Swali la haki. Jibu la serikali yao lilikuwa kwamba umeme ukisafirishwa kutoka kusini hadi Kilimanjaro na Arusha, mwingi unapotea njiani kama joto kwenye nyaya, na hasara yake ni mabilioni ya shilingi kila mwaka. Kununua kwa jirani wa karibu kunaweza kuwa nafuu kuliko kujipelekea mwenyewe kutoka mbali.

Sasa geuza hoja hiyo uilete Kwale. Kama Arusha ni karibu na Kenya kuliko na Rufiji, basi Lunga Lunga iko karibu na Tanga kuliko na Olkaria. Tanga ina umeme wa maji wa Hale na New Pangani, na imeunganishwa na gridi yote ya Tanzania. Hoja iliyofaa kaskazini mwa Tanzania haiwezi kukosa maana ikifika kusini mwa Kenya.

Faida nyingine ni ya hali ya hewa. Ukame ukipiga Tana, huenda Ethiopia kuna mvua. Usiku wa manane Wakenya wamelala, mvuke wa Olkaria mwingine unaachiliwa hewani bure kwa kukosa mnunuzi. Ila saa moja jioni watu wote wamewasha taa, pasi na televisheni, jua limezama, na 2025 wakuu wa sekta walikiri hadharani kwamba jioni baadhi ya maeneo yanazimwa ili gridi isilemewe. Ukiwa na jirani mwenye waya, unamuuzia usiku na kumuomba jioni. Ni kama kuazimana chumvi, isipokuwa hapa kuna mita.

Zanzibar: somo la kamba moja

Basi tuunganishe, tumalize? Ngoja kwanza.

Kisiwa cha Unguja kiliunganishwa na bara kwa waya wa baharini mwaka 1980. Waya mmoja. Ulifanya kazi vizuri, watu wakazoea, majenereta yakasahauliwa. Mei 2008 umeme ukakatika kisiwa kizima kwa karibu mwezi mmoja. Ukarudi. Halafu Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hii giza likakaa kama miezi mitatu, mpaka Machi 2010.

Miezi mitatu. Hebu fikiria Diani miezi mitatu bila stima, tena msimu wa watalii. Pampu za maji zikasimama, kwa hivyo shida ya umeme ikawa shida ya maji. Hoteli kubwa zikaendesha majenereta mchana na usiku. Mwenye saluni, fundi wa kuchomelea, muuza barafu, wao wakakaa. Waya wa pili, wa megawati 100, ulikuja kukamilika 2013 kwa fedha za Marekani.

Somo hapa si kwamba waya wa kuvuka bahari ni mbaya. Pemba walipata wao mwaka huo huo wa 2010 na ukawatoa kwenye dizeli. Somo ni kwamba mtu akikupa kamba moja ukaitegemea kwa kila kitu, ukatupa zile kamba zako za zamani, siku ikikatika huna pa kushika. Na ukiitazama Kwale yetu, tunaning'inia hivyo hivyo. Ndiyo maana nautaka waya wa Tanga. Siutaki uchukue nafasi ya ule wa Rabai. Nautaka uwe wa pili, ili njia moja ikilala, nyingine isimame.

Septemba 6, 2024: somo la watu wanaovuta dau

Lakini hata kamba nyingi zina hatari yake, na hii wengi tuliiona kwa macho. Ijumaa, Septemba 6, 2024, asubuhi, karibu nchi nzima ilizimika. Kwa maelezo ya Waziri wa Kawi, Opiyo Wandayi, ilianzia kwenye laini ya kutoka Loiyangalani hadi Suswa, iliyokuwa imebeba megawati 288 za upepo. Ikaanguka. Mara laini ya Ethiopia nayo ikajitoa, na megawati 200 zake. Jumla 488 zikapotea kwa muda mfupi.

Kuelewa kilichotokea, nenda Mkunguni uwaangalie wavuvi wanavyovuta dau kulitoa majini. Watu kumi, kamba moja, wimbo mmoja, wote wanavuta kwa pamoja. Wawili wenye nguvu zaidi wakiachia ghafla, uzito wote unawarukia wale wanane. Hapo mmoja ataachia kwa kuogopa kuumia, kisha mwingine, na mwisho dau linarudi baharini na hakuna aliyeshika. Gridi ni hivyo. Umeme wa mitambo yote unafuata mwendo mmoja, mara 50 kwa sekunde. Mwendo ukiyumba sana, kila mtambo unajizima ili usiharibike. Si hujuma, ndivyo ulivyoundwa.

Kwa hivyo ukiongeza mvutaji mwenye nguvu kutoka nchi jirani, lazima uongeze na akiba nyumbani: mitambo iliyo tayari kuruka ndani, betri kubwa, na utaratibu wa kuzima sehemu ndogo haraka ili kubwa ipone. Bila akiba, kila jirani unayemuunganisha ni mtu mmoja zaidi ambaye akiteleza, nawe unaanguka. Tena laini ya Ethiopia ni ya mkondo mnyoofu, haifuati ule wimbo wetu moja kwa moja, ila ya Tanzania na ya Uganda zinaimba wimbo mmoja na sisi. Wakikosea sauti, tunasikia. Tukikosea sisi, wanasikia.

Na kuna mkato usiotokana na hitilafu yoyote. Mwaka 2017 Kenya ilipiga marufuku gesi ya kupikia iliyokuwa ikiingia kwa malori kutoka Tanzania. Tanzania nao wakajibu kwa vikwazo vyao. Malumbano yakaenda mpaka mawaziri wa mambo ya nje wakakaa wakayamaliza mwezi wa Julai. Hakuna bomba lililopasuka, hakuna waya uliokatika. Karatasi tu. Ukitegemea kitu cha jirani, jua kwamba kinaweza kukatwa na radi na kinaweza kukatwa na muhuri.

Sasa gesi. Ile ya bomba si ya mtungi wako

Mei 2021 Rais Samia alipokuja Nairobi, nchi mbili zilitia saini makubaliano ya bomba la gesi asilia kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Oktoba 2022 Rais Ruto alipokwenda Dar, jambo hilo likasemwa tena, liharakishwe. Ni bomba la karibu kilomita 600. Mpaka naandika haya, halipo.

Tazama ramani tena. Bomba kutoka Dar kwenda Mombasa kwa njia ya nchi kavu litapita wapi? Tanga, Horohoro, Lunga Lunga, na kupanda kupitia Kwale yetu mpaka kisiwani. Hii ni habari ya mashamba yetu, si habari ya Nairobi.

Kabla hujashangilia kwamba mtungi utashuka bei, ngoja. Gesi ya mtungi ni ile inayotokana na mafuta, inaletwa kwa meli, inashushwa Mombasa na Tanga. Gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay ni nyingine kabisa. Haiingii kwenye mtungi wako wa kilo sita. Inataka bomba mpaka jikoni, au kushindiliwa kwenye matangi maalumu kama ya bajaji na magari yanayotumia gesi pale Dar. Kazi yake kubwa ni kuzungusha mitambo ya umeme na kuendesha viwanda. Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ya Tanzania ulitokana na gesi hiyo, tangu ilipoanza kufika Dar kutoka Songo Songo mwaka 2004.

Wanaolitetea bomba wana hoja. Mitambo ya pwani inachoma mafuta mazito, na gesi ni safi zaidi. Viwanda vya Mombasa na eneo la Dongo Kundu vinataka joto, na joto la umeme ni ghali. Sawa, nawasikia.

Lakini nifuate kidogo. Bomba linabeba kitu kimoja, na kwa kawaida linakibeba upande mmoja. Ukilijenga, unalilipa kwa miongo, utake usitake. Waya haujali umeme umetengenezwa na nini. Leo utaleta umeme wa gesi uliochomwa Dar, kesho wa maji ya Rufiji, keshokutwa utapeleka mvuke wetu wa Olkaria upande wa pili. Ina maana gesi ya Tanzania inaweza kufika Kwale ikiwa ndani ya waya, bila kuchimba shamba la mtu kilomita 600. Kwa nchi ambayo umeme wake mwingi tayari ni wa mvuke, maji, upepo na jua, sioni haraka ya kujifunga na gesi kwa miaka 30 kabla hatujamaliza kuvuta nyaya.

Kupitiwa si kupata

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, maana sisi watu wa Kwale tunajua maana ya kupitiwa.

Mei 2013, Mtwara iliwaka moto. Watu walikuwa wameambiwa gesi iliyogunduliwa kwao itapelekwa Dar kwa bomba. Wao wakauliza, sisi tunabaki na nini? Wakaandamana, zikatokea vurugu, watu wakapoteza maisha, jeshi likapelekwa. Bomba likajengwa hata hivyo, likakamilika 2015. Waliouliza hawakuwa wajinga wala maadui wa maendeleo. Walitaka kuona sehemu yao kabla kitu hakijaondoka.

Huku kwetu, titani ilichimbwa kuanzia 2013 mpaka Desemba 2024, ikapakiwa malori mpaka bandarini Likoni. Sheria ya Madini ya 2016 inasema mrabaha ugawanywe asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii. Maneno mazuri kwenye karatasi. Muulize mzee yeyote wa Nguluku au Maumba hilo fungu la jamii lilichukua muda gani kuanza kusogea.

Na bomba la kupita ni gumu zaidi kuliko mgodi. Mgodi angalau madini ni yako, unadai mrabaha. Bomba la kupita limebeba mali ya mtu mwingine kwenda kwa mtu mwingine. Unachopata ni fidia ya ardhi, na fidia hulipwa kwa mwenye hati. Kwale ni wangapi wanalima shamba la babu wa babu na hawana hati? Hao ndio watakaokatiwa minazi bila jina lao kuonekana kwenye orodha ya malipo. Laini za umeme ni vivyo hivyo. Kuna vijiji ambako nguzo kubwa za chuma zinapita juu ya mashamba, zinavuma usiku kucha, na chini yake mtoto anasomea koroboi. Stima kubwa namna ile haiwezi kuchotwa hivi hivi, inataka kituo cha kuipunguza nguvu. Kituo hicho kisipokuwa kwenye mpango tangu siku ya kwanza, hakiji.

Wengine wataniambia, kaka, achana na nyaya za nje, jua tunalo, kila mtu aweke sola yake. Naipenda sola. Mwenyewe nahariri video kwa betri siku stima ikikataa. Lakini sola ya paa langu haiendeshi kiwanda cha barafu Shimoni wala mashine za hospitali usiku kucha. Mwenye pesa atajinunulia betri na kuondoka kwenye foleni. Mama karanga atabaki kwenye foleni peke yake, na foleni ikibaki ya maskini peke yao, hakuna atakayeitengeneza. Sola ni kamba ya tatu. Tunaitaka, ila pamoja na zile mbili.

Ninachotaka, kwa ufupi

Kwanza, mpango wa laini ya Galu, Lunga Lunga mpaka Tanga uwekwe mezani uchunguzwe kwa hesabu. Mainjinia waseme inagharimu kiasi gani, na waseme pia kukatika kwa stima kunatugharimu kiasi gani sisi.

Pili, mikataba ya kununuliana umeme na gesi isomeke. Bei ni ngapi, ya miaka mingapi, na upande mmoja ukikata, nani analipa. Mwananchi anayelipa kwenye tokeni ana haki ya kujua.

Tatu, kila waya au bomba litakalovuka Kwale liwe na kituo cha kushushia Kwale, kimeandikwa ndani ya mkataba kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi. Na masuala ya hati yatatuliwe kabla ya fidia, si baadaye.

Nne, akiba. Hakuna kuongeza jirani bila kuongeza betri na mitambo ya dharura nyumbani.

Haya mambo huamuliwa kwenye vikao vya kushirikisha umma, ambavyo Katiba ya 2010 inavitaka. Tangazo hubandikwa mlangoni kwa chifu, kikao kinafanyika Jumanne asubuhi, na wanaohudhuria ni wazee saba na mtu wa chai. Vijana tuko kwenye simu tunalalamika stima imepotea. Wazee wetu wanauliza maswali ya ardhi, na wanauliza vizuri. Maswali ya mkataba, ya akiba, ya laini ya pili, hayo tunaweza kuyauliza sisi, maanake tuna intaneti na tuna muda.

Tangazo lijalo likibandikwa Msambweni, nitaliposti hapa na tarehe yake. Njoo na swali moja tu. Shangazi tayari ana lake: ikikatika, itarudi lini?